Kupima mbegu za kiume kabla ya matibabu ya uzazi: mwongozo kwa wanandoa wa Mbeya, Iringa na Njombe

Wanandoa wengi wa Nyanda za Juu Kusini hufika kwa daktari wa uzazi wakiwa na faili nene la mke: ultrasaundi, homoni, picha ya mirija, pengine ameshasafishwa kizazi. Faili la mume halipo. Hajapimwa kabisa, au alipimwa mara moja miaka mitatu iliyopita na karatasi imepotea. Safari hii imeanzia mwisho. Kipimo cha shahawa hakiumi, hakihitaji sindano, na katika karibu nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto kuna kasoro upande wa mwanamume, iwe peke yake au pamoja na ya mke. Kianze hicho, mapema, kabla mke hajalipia vipimo vya kuingiza vifaa mwilini.

Urahisi wake ndio unaowafanya watu wakidharau, kisha kinaharibika. Kuna wanaume wameambiwa hawana uwezo wa kuzaa kwa sababu ya sampuli iliyopigwa baridi, iliyochelewa njiani au iliyomwagika nusu. Matibabu yote yanayofuata huamuliwa kwa namba za karatasi hiyo, kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye namna ya kuzipata namba za kweli.

Jambo la kuelewa mwanzoni: shahawa ni maji yanayotoka, mbegu ni chembe hai zilizomo ndani yake, zisizoonekana kwa macho. Maji mengi, mazito na meupe hayathibitishi kwamba mbegu zipo. Na nguvu za kiume ni suala jingine kabisa. Mwanamume mwenye tendo la ndoa lisilo na dosari anaweza asiwe na mbegu hata moja, na mwenye shida ya kusimamisha anaweza kuwa na mbegu milioni 200. Mume anapokataa kupimwa kwa hoja kwamba "mimi mbona niko vizuri", hili ndilo la kumweleza kwa upole.

Wakati wa kwenda

Kama mnakutana mara mbili au tatu kwa wiki bila kinga na mwaka umepita bila mimba, nendeni. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msisubiri zaidi ya miezi sita. Mume asisubiri hata hiyo miezi kama utotoni korodani moja haikushuka, kama aliwahi kuvimba korodani baada ya matumbwitumbwi, kama amefanyiwa upasuaji wa ngiri au busha, au kama amepata matibabu ya saratani.

Hatua ya kwanza: panga siku

Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa kwa njia yoyote, na ndoto za usiku zinahesabika. Chini ya siku mbili idadi hupungua. Ukivuka siku saba maji huongezeka, lakini ndani yake kunakuwa na mbegu nyingi zilizozeeka na mwendo wake hushuka. Ushauri wetu ni siku tatu, na kipimo cha marudio kiwe baada ya siku tatu vilevile. Majibu ya siku mbili hayalinganishwi vizuri na majibu ya siku saba.

Ukiwa umeugua homa kali, iwe malaria, taifodi au nimonia, mwambie daktari tarehe. Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa ndani ya korodani, kisha siku kadhaa zaidi kukomaa na kusafiri. Joto la homa ya Machi linaweza kuonekana kwenye sampuli ya Mei. Kama hakuna haraka, subiri miezi mitatu toka homa ilipokwisha.

Ulizia maabara kabla ya kwenda. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, hospitali za rufaa za mikoa na maabara binafsi mjini zina siku na saa zao. Maswali ya kuuliza ni haya: sampuli za shahawa zinapokelewa siku gani na saa ngapi, kuna chumba cha faragha cha kutolea, wanahesabu kwa kioo maalumu cha kuhesabia au wanakadiria kwa macho, majibu yanaandikwa kwa namba? Maabara inayojibu "mbegu zipo za kutosha" bila namba haitakusaidia kwa uamuzi wa matibabu.

Hatua ya pili: kutoa sampuli

Kojoa kwanza. Osha mikono na uume kwa sabuni, kisha suuza kwa maji mengi mpaka utelezi wa sabuni uishe, halafu jikaushe. Mabaki ya sabuni huua mbegu.

Tumia kikopo cha plastiki chenye mdomo mpana na mfuniko wa kukaza, kile maabara inachokupa. Chupa ya maji ya kunywa, ya jemu au ya dawa ya kikohozi, hata iwe imechemshwa, usiitumie: mdomo ni mwembamba na huwezi kujua kilichobaki ndani. Kishike kikopo kiganjani au kwapani dakika chache kipate joto la mwili kabla ya kukitumia.

Shahawa itolewe kwa mkono, bila mafuta ya kupaka, losheni, mafuta ya nazi wala mate. Vyote hivyo hupunguza mwendo wa mbegu au kuziua. Kondomu za kawaida haziruhusiwi kwa sababu mpira wake na mafuta yake huathiri mbegu. Kwa wale ambao imani yao haiwaruhusu kujitoa kwa mkono, ipo mifuko maalumu isiyo na sumu inayovaliwa wakati wa tendo la ndoa. Ulizia kwa daktari mapema, maana haiuzwi kila duka la dawa. Mke anaweza pia kumsaidia mumewe kwa mkono. Kuchomoa katikati ya tendo na kumalizia kwenye kikopo hakufai, kwani matone ya kwanza huwa yameshapotea na majimaji ya uke yenye asidi yameshaingia.

Matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi kuliko yote yanayofuata. Yakimwagika hayo, hata kiasi kidogo, hesabu nzima inapotoka. Sema ukweli kwa mpokeaji: "Ya mwanzo yalimwagika." Ataandika kwenye fomu, au atakuambia urudi siku nyingine. Hakuna wa kukucheka, na hakuna faida ya kunyamaza.

Kwenye kikopo ziandikwe, ubavuni na si kwenye mfuniko, jina lako, namba ya faili, tarehe na saa kamili uliyomaliza kutoa. Fomu iwe na siku ulizokaa, dawa unazotumia na homa ya karibuni.

Hatua ya tatu: baridi ya huku kwetu

Sampuli inatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 20 na 37 na kuanza kuchunguzwa ndani ya dakika 30, isizidi saa moja. Kwa Dar es Salaam hilo si tatizo kubwa. Kwa Mbeya, Njombe na Makete ni tatizo la kweli. Asubuhi ya Juni au Julai hewa inaweza kuwa chini ya nyuzi 10, na kikopo kilichoning'inia kwenye mfuko wa rambo juu ya bodaboda kutoka Uyole kitafika kikiwa baridi kama maji ya kisima. Mbegu zilizopigwa baridi ghafla husimama, na nyingine hufa. Karatasi itasomeka "mwendo asilimia 5", na mtu ataanzishiwa dawa za kitu ambacho hana.

Njia bora ni kutolea hospitalini. Ikishindikana, na nyumbani ni karibu, kikopo kikae wima ndani ya nguo, kimegusa ngozi ya kifua au kwapa, juu yake sweta na koti. Mfuko wa nyuma wa suruali haufai. Kukisogeza karibu na jiko la mkaa au kukiweka kwenye maji ya moto ni kosa baya zaidi kuliko baridi: joto likipita la mwili, mbegu hufa na hakuna kuzirudisha.

Anayetoka Tukuyu, Kyela, Chunya, Ludewa au Mafinga asijaribu kubeba sampuli kutoka nyumbani. Saa moja haitoshi. Alale mjini au afike asubuhi na kutolea palepale.

Hatua ya nne: kinachofanyika maabara

Shahawa hutoka ikiwa nzito kama ute, kisha huyeyuka yenyewe, kwa kawaida ndani ya dakika 15 hadi 30 kwenye joto la nyuzi 37. Ikipita saa moja bado ni nzito, hilo huandikwa. Mtaalamu hupima ujazo, na njia iliyo sahihi zaidi ni kupima uzito wa kikopo kabla na baada, gramu moja ikihesabiwa mililita moja. Akivuta kwa sindano, kiasi fulani hubaki kwenye kuta za kikopo na ujazo huonekana mdogo.

Mwendo hutazamwa mapema kwenye hadubini, kioo kikiwa na joto. Mbegu hugawanywa: zinazokwenda mbele kwa kasi, zinazokwenda mbele polepole, zinazotikisika palepale, na zilizotulia. Toleo la 6 la mwongozo wa maabara wa Shirika la Afya Duniani, la mwaka 2021, limerudisha mgawanyo huo wa makundi manne baada ya toleo la 2010 kuunganisha mawili ya kwanza.

Idadi huhesabiwa kwenye kioo chenye mistari, baada ya kuzimua shahawa kwa maji maalumu yanayosimamisha mbegu. Sheria ni kuhesabu angalau mbegu 200 kwenye kila moja ya sampuli ndogo mbili, kisha kulinganisha. Hii si ukaidi wa kitabu. Anayehesabu mbegu 25 tu anabeba kosa la bahati la takriban asilimia 20, hata awe makini namna gani. Anayehesabu 400 kosa hilo hushuka hadi asilimia 5. Maabara yenye foleni ndefu na mtaalamu mmoja hushawishika kufupisha, na hapo ndipo karatasi mbili za mtu mmoja ndani ya wiki moja hutofautiana sana.

Isipoonekana mbegu hata moja, kazi haijaisha. Shahawa yote izungushwe kwenye mashine, mwongozo ukitaja nguvu mara 3,000 ya uvutano wa dunia kwa dakika 15, na mashapo yatazamwe tena. Kwa matibabu ya kisasa, tofauti kati ya "hakuna" na "zipo chache sana" ni tofauti kubwa mno. Ukipewa jibu la sifuri, uliza: "Mashapo yaliangaliwa?"

Hatua ya tano: kusoma karatasi

Viwango vya chini vya rejea vya 2021 ni hivi:

- Ujazo: mililita 1.4
- Idadi kwa mililita: milioni 16
- Idadi yote kwenye sampuli: milioni 39
- Zinazotembea kwa jumla: asilimia 42
- Zinazokwenda mbele: asilimia 30
- Zilizo hai: asilimia 54
- Zenye umbo la kawaida: asilimia 4

Namba hizi zilitokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12; asilimia 5 yao walikuwa chini ya viwango hivyo na bado wakawa baba. Aliye juu ya mstari hajahakikishiwa mtoto, na aliye chini hajanyimwa.

Mstari unaotisha watu bure ni wa umbo. Mume anasoma "asilimia 95 zina kasoro" na usingizi unakatika. Asilimia 5 zenye umbo la kawaida ni jibu zuri. Mbegu za binadamu nyingi zina maumbo ya ajabu ajabu, ndivyo zilivyo, na umbo la mbegu halionyeshi kwamba mtoto atazaliwa na kilema.

Mstari unaoleta dawa zisizohitajika ni wa usaha. Chini ya hadubini ya kawaida, chembe za usaha na mbegu changa ambazo hazijakomaa zote ni duara. Bila rangi maalumu ya kuzitofautisha, mtu huandikiwa antibiotiki za wiki tatu kwa ajili ya mbegu zake mwenyewe. Usaha halisi ukizidi milioni moja kwa mililita ndio wa kufuatiliwa, na ukipatikana ugonjwa wa zinaa, kama kisonono au klamidia, wote wawili mtibiwe kwa pamoja.

Hesabu yenye manufaa kuliko zote haimo kwenye karatasi nyingi, ifanye mwenyewe. Zidisha ujazo kwa idadi kwa mililita, kisha kwa asilimia ya zinazokwenda mbele. Mfano: mililita 2.6 × milioni 20 = milioni 52; asilimia 25 ya hizo ni milioni 13. Mwingine ana mililita 1.2 × milioni 40 = milioni 48; asilimia 25 ni milioni 12. Karatasi hizo mbili zinaonekana tofauti kabisa, lakini mbele ya daktari wa matibabu watu hawa karibu wako sawa.

Zote zikiwa zimetulia, kipimo cha uhai kwa rangi ya eosini huonyesha zilizokufa kwa wekundu. Zikiwa zimekufa zote, shuku kwanza sabuni, kondomu au baridi, urudie. Zikiwa hai lakini hazisogei, ni suala la mtaalamu.

Jibu baya lirudiwe kabla ya neno lolote zito kusemwa nyumbani au ukweni. Mwili wa mwanamume mmoja hutoa namba tofauti wiki hadi wiki. Idadi ikiwa chini kidogo, rudia baada ya miezi mitatu. Ikiwa sifuri au chini sana, rudia ndani ya wiki chache, kwa maandalizi yaleyale na maabara ileile.

Hatua ya sita: kutafuta sababu

Vipimo viwili vikikubaliana kwamba kuna tatizo, mume akaguliwe mwili, si karatasi tu. Daktari hushika korodani kuona ukubwa, kama mirija ya mbegu ipo pande zote mbili, na kama kuna mishipa iliyovimba juu ya korodani, mara nyingi ya kushoto, inayojaa mgonjwa akisimama na kukaza tumbo. Mishipa inayoshikika kwa mkono pamoja na majibu mabaya inaweza kufanyiwa upasuaji, na nafuu hutazamwa baada ya miezi mitatu hadi sita. Ile inayoonekana kwenye ultrasaundi peke yake haihitaji kisu.

Kwa asiye na mbegu, kipimo cha FSH, homoni ambayo ubongo huituma kuamuru korodani, husaidia kuonyesha njia. Korodani za ukubwa wa kawaida na FSH ya kawaida: huenda mbegu zinatengenezwa lakini njia imeziba, jambo linaloweza kufuatia kisonono kilichotibiwa nusunusu. Korodani ndogo na FSH ya juu: kiwanda chenyewe kimedhoofika, na hapo hupimwa kromosomu (nyuzi za urithi), kwani wanaume wenye kromosomu X ya ziada hugundulika kwa njia hii. FSH na LH, homoni nyingine ya amri hiyo, zote chini kabisa: ubongo hautumi amri, na hii ndiyo hali ambayo sindano za homoni huzalisha mbegu kweli, kwa subira ya miezi mingi. Ujazo mdogo wenye asidi bila mbegu huashiria mirija isiyokuwepo tangu kuzaliwa au iliyoziba karibu na tezi dume. Mgonjwa wa kisukari anayefika kileleni bila kutoa kitu, au anayetumia dawa ya tezi dume aina ya tamsulosini, apimwe mkojo mara baada ya tendo: shahawa huenda inarudi kibofuni.

Waliokulia mwambao wa Ziwa Nyasa wataje kama waliwahi kukojoa damu. Kichocho hukaa pia kwenye viungo vya uzazi vya mwanamume, na damu ndani ya shahawa ni dalili mojawapo.

Yanayoua mbegu polepole

La kwanza, na linalozidi vijijini na mijini, ni testosteroni, homoni ya kiume. Kijana wa gym au mzee anayetafuta nguvu huchomwa sindano. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu huacha kuamuru korodani, na mbegu hushuka mpaka sifuri. Akiacha, kwa wengi hurudi ndani ya miezi 6 hadi 12, kwa wengine huchukua hadi miaka miwili. Anayetafuta mtoto asiiguse. Dawa za kuongeza nguvu zisizo na lebo ya viambato nazo aziache, maana hajui kilichomo.

Joto: korodani hufanya kazi nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Dereva wa lori anayekaa juu ya injini kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam, mchoma matofali, mpishi wa tanuri la mkate, wote wapumzike, wasimame, wavae nguo zisizobana.

Viuatilifu vya mashambani vinastahili woga zaidi ya tunavyovipa. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda cha dawa ya minyoo ya udongo, DBCP, huko California walikutwa hawana mbegu au wana chache sana, na wao wenyewe ndio walioanza kuuliza kwa nini hawapati watoto. Kwenye viazi vya Njombe na Uporoto, nyanya za Iringa na chai ya Mufindi na Rungwe, anayepuliza avae glavu, barakoa na nguo za mikono mirefu, aoge mara akimaliza, na nguo za kupulizia zisifuliwe na za familia. Bomba linalovuja mgongoni liwekwe kando siku hiyohiyo.

Sigara, bangi na pombe nyingi, ukiwamo ulanzi wa kila siku, hupunguza mbegu. Kuacha leo kunaonekana kwenye kipimo cha miezi mitatu ijayo. Vidonge vya vitamini vinavyouzwa ghali kwa jina la uzazi havina ushahidi wa kutosha. Pesa hiyo iwekwe kwenye kipimo cha marudio.

Hatua ya saba: kuchagua matibabu

Hapa ndipo ile hesabu ya milioni 13 inapofanya kazi. Vituo hutofautiana mipaka, lakini mwelekeo ni huu. Mbegu zinazokwenda mbele zikizidi milioni 10 kwenye sampuli, na mirija ya mke ikiwa wazi, IUI ina maana: shahawa huoshwa, mbegu bora hukusanywa kwenye tone la takriban nusu mililita na kuingizwa ndani ya mji wa mimba karibu na wakati yai linapotoka. Zikiwa milioni 5 hadi 10 bado inajaribiwa, kwa matarajio madogo. Zikishuka kati ya 1 na 5, kurudia IUI mara nyingi ni kupoteza muda wa mke, hasa akikaribia miaka 40. IVF, yaani kurutubisha mayai maabara nje ya mwili, inafaa zaidi. Chini ya milioni moja, au mbegu zilipovutwa kwa sindano moja kwa moja kwenye korodani, njia ni ICSI, iliyoripotiwa Brussels mwaka 1992, ambapo mbegu moja huingizwa ndani ya kila yai kwa sindano nyembamba sana. Kwa mwenye njia iliyoziba, mbegu karibu kila mara hupatikana kwa sindano au upasuaji mdogo. Kwa mwenye korodani zilizodhoofika, upasuaji wa hadubini huzipata kwa takriban nusu ya wagonjwa.

Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye kiwango kikubwa zaidi cha VVU nchini, kwa hiyo hili lisemwe waziwazi: kuishi na VVU si sababu ya kukosa mtoto. Anayetumia ARV vizuri na virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, na wanandoa wengi wa namna hiyo hawahitaji maabara kabisa, ila kupanga siku za hatari ya mimba pamoja na mhudumu wa CTC, kliniki ya huduma za VVU. Wakihitaji matibabu kwa sababu nyingine, kuosha mbegu huzitenga na maji ya shahawa ambako virusi hukaa. Kituo chochote cha matibabu kitawapima nyote wawili VVU, homa ya ini B na C na kaswende kabla ya kuanza. Mkija na majibu mapya mtaokoa siku.

Hatua ya nane: siku yenyewe

Huduma za IVF ziko zaidi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya na kama 500 kutoka Iringa. Mke huchomwa sindano za kukuza mayai kwa siku 8 hadi 14, na mayai huvunwa saa 34 hadi 36 baada ya sindano ya mwisho. Saa hiyo haisogei. Mume awe mjini siku mbili kabla. Basi likiharibikia Kitonga, mayai hayamsubiri. Ajizuie siku mbili au tatu, na azihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya kuvuna.

Wapo wanaume wanaoshindwa kutoa sampuli asubuhi hiyo. Presha ni kubwa, chumba ni kigeni, mke yuko chumba cha upasuaji. Hii si aibu wala udhaifu, na dawa yake ni maandalizi: omba sampuli ya akiba igandishwe wiki kadhaa kabla. Hugandishwa kwenye nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe na Njombe wanaujua mtungi ule kutokana na uhimilishaji, na wanajua nitrojeni ikikauka mbegu za dume zimekufa zote. Za binadamu nazo ni hivyohivyo, kwa hiyo uliza kituo nani hujaza mtungi na mara ngapi. Sehemu ya mbegu hufa zinapoyeyushwa hata kazi ikifanywa vizuri, ndiyo maana mwenye mbegu chache hushauriwa kugandisha zaidi ya mara moja. Anayetarajia matibabu ya saratani agandishe kabla ya dozi ya kwanza.

Asubuhi ya kutoa, soma jina lako na la mke kwenye kikopo kabla ya kukikabidhi, na mpokeaji asome kwa sauti. Baada ya hapo, mume ana swali moja la kufuatilia kesho yake. Urutubishaji hutazamwa saa 16 hadi 18 baada ya mbegu kuingia, kwa hiyo asubuhi inayofuata maabara inajua. Omba kwa maandishi: mayai mangapi yalivunwa, mangapi yalikuwa yamekomaa, mangapi yalidungwa mbegu, mangapi yamerutubika. Mimba isiposhika, namba hizo nne pamoja na karatasi zako za shahawa ndizo zitakazosaidia kuonyesha kama tatizo liko kwenye mbegu, kwenye mayai au kwenye mji wa mimba, na daktari atakayefuata, awe Dar es Salaam au Mbeya, atazitaka kabla ya kuandika dawa yoyote.